Maswali ya Mama Mkwe Kabla ya Kupanda Meli

Ukiwa Nkwenda, ziwa ni habari ya kusikia. Sisi wa Kyerwa, na ndugu zetu wa Karagwe ambao hadi 2012 tulikuwa nao wilaya moja, ni watu wa vilima, migomba na mibuni. Maji makubwa tunayoyajua ni ya Mto Kagera, mpaka wetu na Rwanda na Uganda, na huo hauendewi kwa starehe. Una viboko, una mamba, na mtoto wa huku hufundishwa kuuogopa kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Kuogelea ni ufundi wa watu wengine.

Kwa hiyo tulipomwambia mama mkwe kwamba likizo ya Desemba tutampandisha mtoto meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, na kwamba hatuendi msibani wala hospitali ya Bugando, tunakwenda kutembea tu, alinyamaza. Akaendelea kumenya ndizi, kisu kikienda kasi kuliko kawaida yake. Halafu akasema likizo ya mtoto ni kwenda kwa bibi, na bibi ni yeye, yupo, wala hana haja ya kukatiwa tikiti.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, hasa mwaka ule. Ilikuwa 2022. Tarehe 6 Novemba ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, 19 wakafa. Nchi nzima ilimjua kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyewahi pale na mtumbwi na kusaidia kuufungua mlango wa nyuma. Huku kwetu habari ile ilizungumzwa kwenye magulio, kanisani na stendi ya Omurushaka, na haikuzungumzwa peke yake. Kila aliyeianza aliishia mahali pamoja: 1996.

Asubuhi ya 21 Mei 1996, MV Bukoba, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi ya waliokufa haijawahi kujulikana kwa uhakika. Inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Haikujulikana kwa sababu orodha iliyokuwepo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Kagera hulisema kwa sauti ya chini. Meli ilipokuwa imelala chali juu ya maji, waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakaitoboa ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaifanya ielee ikatoka, ikazama nao. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Makaburi yako Igoma, Mwanza.

Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wameizunguka redio moja na hakuna aliyetufukuza, jambo lisilo la kawaida. Mama mkwe yeye alimpoteza binti wa kaka yake, aliyekuwa akisoma Mwanza. Msichana yule alisafiri daraja la tatu. Hakuna karatasi iliyowahi kuonyesha kwamba alipanda.

Katika nyumba nyingi za kwetu habari hii haisimuliwi, inatekelezwa. Baba yangu hakuwahi kunikalisha chini anieleze MV Bukoba. Alichofanya ni kunikataza meli. Nilisoma ualimu Butimba, kando kabisa ya ziwa, na kila likizo nilirudi nyumbani kwa basi, Sengerema, Geita, Biharamulo, miguu imevimba, ilhali wenzangu wa Bukoba walilala kitandani ndani ya MV Victoria na kuamka wamefika. Sikumbishia. Mume wangu naye alilelewa hivyohivyo. Tulipopata mtoto ndipo tukaanza kuulizana kama na yeye tutamrithisha katazo lilelile, bila sababu yake, kama shamba lisilo na hati.

Ninachotaka kusema kuhusu kusafiri majini na mtoto mdogo kimetoka hasa kwa mama mkwe, ambaye hakutaka tusafiri. Alipoona tumeshikilia, aliacha kubishana akaanza kuuliza. Mtoto atavaa nini maji yakiingia? Jina lake litaandikwa wapi? Na usiku nani atakuwa macho? Nimesoma ushauri mwingi wa wazazi wanaosafiri na watoto: rangi ya begi, aina ya pampasi, michezo ya kwenye simu. Sijaona uliofikia nusu ya maswali yale. Hofu yake ilikuwa na elimu ndani yake, na kazi yetu ilikuwa kuitoa elimu ile tuondoke nayo, lile tetemeko tumwachie yeye Nkwenda.

Tulianza na jaketi la kuokolea maisha. Jaketi la mtu mzima ukimvika mtoto wa miaka miwili, yeye hutoka kwa chini na jaketi likabaki juu linaelea. Kanuni za kimataifa za usalama baharini huyagawa majaketi kwa uzito: chini ya kilo 15 ni ya wachanga, kilo 15 hadi 43 ya watoto, zaidi ya hapo ya wakubwa. Meli ya abiria ya safari isiyofika saa 24 hutakiwa kubeba majaketi ya wachanga angalau asilimia 2.5 ya idadi ya abiria, na ya watoto angalau asilimia 10. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya safari za baharini za nchi na nchi. Vyombo vya maziwani kwetu vinasimamiwa na TASAC, shirika lililoanza kazi 2018. Ila kilo ni kilo popote. Nilichukua kadi ya kliniki, nikatazama mstari wa mwisho wa mizani: kumi na mbili na ushei. Binti yangu, aliyejiona mkubwa kiasi cha kumwamuru mbwa wa jirani, kwa hesabu za meli alikuwa bado mchanga.

Kwa hiyo kadi ya kliniki ilisafiri nasi, na tulipofika melini kitu cha kwanza nilichomwomba baharia ni kunionyesha jaketi la mtoto wa kilo hizo liko wapi. Hakushangaa. Alifungua kabati, akatoa moja la rangi ya chungwa lenye kola nene ya kuushikilia uso juu ya maji na mkanda wa kupitia katikati ya miguu. Tulimvika pale pale chumbani. Tulilifanya mchezo: baba akavaa lake, mimi langu, tukapigiana makofi. Alilipenda mno. Akakataa kulivua. Akala nalo, akajaribu kulilalia, na lilipovuliwa akiwa ameshasinzia alifungua jicho moja kutuangalia kama wezi. Hakukuwa na neno "kuzama" chumbani mle. Alijifunza kulivaa jaketi siku ileile aliyojifunza kwamba meli ina filimbi, na yote mawili aliyaweka kwenye fungu la mambo mazuri.

Lakini nimeruka safari ya kufika huko, nayo ndiyo iliyotutesa.

Kutoka Nkwenda hadi Omurushaka wakati ule ilikuwa barabara ya udongo, na Desemba mvua za vuli hazijaisha. Tulipanda mchomoko, gari dogo la abiria, uliojaza watu hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa na mtu wa nje. Watoto wa chini ya miaka miwili mara chache hupata kichefuchefu cha safari. Ukivuka miwili ndipo unapoingia katika umri wa kutapika, na hauishi hadi karibu miaka kumi na miwili. Yule wangu alikuwa ameshavuka. Alinitapikia kwenye kona, akanitapikia kwenye mteremko, na tulipofika kwenye lami ya Omurushaka alikuwa amechangamka, ananukia maziwa yaliyochacha, anaomba ndizi. Nikaona hofu zetu zote tulizielekeza ziwani, na hakuna aliyetuonya juu ya mchomoko. Jambo hili nitalirudia.

Baada ya pale lami haina shida: Bugene, kilomita 59 hadi Kyaka, kisha daraja. Mume wangu hawezi kupita Kyaka bila kueleza kwamba daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978. Alimweleza mtoto. Mtoto alikuwa anaangalia ng'ombe.

Bandarini Bukoba tulifika mapema mno kwa makusudi, kwa sababu mtoto mdogo na foleni ya haraka havipatani. Ile subira ya jioni ndiyo iliyonifundisha likizo ya mtoto ni kitu gani. Nilimwinua mabegani ili aione meli. MV Victoria si meli ya kudharau: iliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikafika huku vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Ilikaa kimya kwa miaka kadhaa ikisubiri matengenezo, ikarudi majini 2020 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Mama mkwe alizaliwa mwaka wa uhuru, hivyo ni rika moja na meli, na wote wawili wamefanyiwa matengenezo. Nilikuwa nimeyaandaa haya yote kumweleza binti yangu kwa lugha yake. Nikamwelekezea kidole: meli ile, kubwa ile, inangojea tupande.

Hakuiona. Alikuwa ameiona kamba.

Ilikuwa kamba nene kuliko mkono wake, imezungushwa kwenye chuma kifupi cha gatini, na kila wimbi dogo likipita ilikuwa inakaza, inalia kidogo, inalegea. Alichuchumaa mbele yake. Ikikaza, naye anakaza mwili. Ikilegea, anashusha pumzi. Wapagazi walipita na mikungu ya ndizi vichwani, wakamkwepa, mmoja akamwambia "shikamoo bibi" kwa utani. Hakuinua kichwa. Sijui tulikaa pale muda gani. Ninachojua ni kwamba ile kamba haikuwa kwenye mpango wetu, na kama tungekuwa na haraka tungemvuta mkono tumwondoe akilia, halafu tukalalamika kwamba mtoto anasumbua safarini.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba mtoto wa umri huo anaweza kupelekwa kuona kitu fulani. Unampeleka mahali, kitu chake anakichagua mwenyewe, mara nyingi kiko chini ya goti lako. Shemeji yetu anayeishi Marekani aliwahi kutupigia simu ya video akiwa kwenye meli ya utalii, mabwawa matatu juu, sinema, ngazi za vioo. Aliniambia kwa uchungu kwamba karibu hakuna chochote pale ambacho mwanawe wa mwaka mmoja na nusu anaruhusiwa. Mtoto wa nepi haingii kwenye mabwawa ya kawaida, kwa sababu za afya. Vilabu vingi vya watoto huanzia miaka mitatu, na mtoto awe ameacha nepi. Kampuni nyingi hazipokei kabisa mtoto wa chini ya miezi sita, na kwa safari ndefu za kukatiza bahari hutaka awe ametimiza mwaka. Nikamuuliza basi mtoto anafanya nini kutwa nzima. Akasema anafungua na kufunga droo ya kabati. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya droo.

Nililifikiria lile swali la pili la mama mkwe tulipofika kwenye tikiti. Mtoto wa umri ule ni wa kupakatwa, na watu wengi huona kupakatwa ni kama kutokuwepo. Nilimwomba dada wa tikiti aliandike jina lake. Akauliza majina yote, umri, jinsi, akaandika. Nikamwomba anisomee alichoandika. Akanisomea, akaniangalia, akasema, "Wewe ni wa Kagera." Hakusema zaidi, na mimi sikujibu. Jina la binti yangu lilikuwa pale, na baba yake chini yake, na mimi chini yao. Nilimpigia mama mkwe nikamwambia limeandikwa. Akauliza limeandikwa kwa kalamu au kwa kompyuta.

Chumba tulichukua cha vitanda vya juu na chini. Wapo watakaosema ni anasa kwa walimu wawili, na kweli tuliweka fedha kwa miezi, lakini ukiwa na mtoto anayetembea na asiyejua hatari, mlango unaofungwa una thamani kuliko mandhari yoyote. Kitanda cha chini kilikuwa cha mtoto na mimi, yeye upande wa ukutani, mbeleko nimeipitisha kiunoni mwake na mwisho wake nimeufunga mkononi mwangu. Poti tulikuja nayo. Chakula tulikuja nacho vilevile, na hili nalisisitiza: mgahawa wa meli ulikuwa na wali na samaki, tukala sisi wakubwa, tukashiba, lakini yeye aliuangalia wali ule kama mtu aliyeletewa barua ya serikali. Alikula ndizi na maharage za Nkwenda, zilizopoa, kutoka kwenye kontena, akiwa amesimama. Mtoto aliyebadilishiwa kitanda, sauti, harufu na watu kwa siku moja anahitaji kitu kimoja kisichobadilika, na mara nyingi ni kile kilicho tumboni.

Swali la tatu ndilo lililokuwa gumu. Nani atakuwa macho? Tulikuwa tumekubaliana zamu, na kwamba aliye zamuni hashiki simu. Inaonekana rahisi hadi ufike juu kwenye sitaha, upepo unapiga, taa za Bukoba zinarudi nyuma, na kila mmoja wenu anataka picha. Kingo za sitaha zimewekwa kwa ajili ya mtu mzima; kwa mtoto wa kimo kile ni ngazi. Tukawa tunasemeshana kwa sauti: "Nimemshika." "Umemshika?" "Namwacha, mshike." Abiria wengine walitucheka. Hatari ya mtoto mdogo, melini kama kisimani, huja katika ule muda mfupi ambao kila mzazi anadhani mwenzake anamwangalia.

Tulipata msaidizi tusiyemtarajia. Chini, daraja la tatu, alikuwepo mama mmoja wa Muleba anayepeleka ndizi Mwanza, amekaa na mizigo yake kama yuko sebuleni kwake. Binti yangu alimwendea mwenyewe, akasimama mbele yake, akaangalia vitumbua. Mama yule akasema, "Mlete huku huyu mjukuu wangu, ninyi mkapumue." Hatukwenda mbali. Tulikaa benchi la pili tukinywa chai, tunamwona. Malezi ya namna hii ni mali yetu, na sidhani kama kuna meli ya mabwawa matatu inayoweza kuyauza. Yana masharti yake, hata hivyo. Ukimwachia mtu mtoto kwa moyo mweupe, macho yako hayamwachi. Yule mama mwenyewe alilijua hilo. Kila mara alikuwa anainua kichwa kuhakikisha bado tunaangalia. Tulipoagana aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei, kama tulikuwa na mtu wetu mwaka ule. Nikamwambia ndiyo. Akasema yeye alikuwa nao wawili. Na bado unasafiri? nikamuuliza. "Ndizi haziogelei," akasema.

Baada ya Kemondo upepo uliongezeka. Niliwahi kuwafundisha darasa la sita jambo hili bila kulielewa hadi usiku ule: mchana ardhi hupata joto na upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku maji hubaki na joto kuliko ardhi, upepo hugeuka, unatoka pande zote za pwani kuingia ziwani, unakutana katikati, hewa inapanda na mawingu yanajaa. Ndiyo maana radi na dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri, wakati wavuvi wako kazini na meli ziko njiani. Kidirisha chetu kilimulikwa mara kadhaa. Meli ilikuwa inainuka na kukaa, inainuka na kukaa. Mume wangu, ambaye haikuwa zamu yake, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kitanda, mikono magotini. Tuliangaliana. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiria sauti za watu wanaogonga chuma.

Na mtoto? Alikuwa amelala. Mngurumo wa injini na ule mwendo wa kuinuliwa na kuwekwa vilimfanyia kile ambacho nyumbani hunichukua nyimbo nne. Nikaona jambo moja kwa uwazi: mwili wake haukuwa na habari na mwaka 1996. Kama ningemkumbatia kwa nguvu wakati ule, kama ningemwamsha ili nijitulize mimi, angeipata habari ile kutoka kwenye mikono yangu, bila neno. Nikalegeza mkono. Mbeleko ilikuwa bado imefungwa.

Mama mkwe alipiga simu hadi mtandao ukakatika. Baadaye tulijua kwamba hakulala kabisa, alikaa jikoni Nkwenda na taa inawaka hadi tulipompigia asubuhi. Nilipohesabu waliokuwa macho usiku ule, niligundua kwamba swali lake la tatu alikuwa amejijibu mwenyewe.

Mwanza nitaipitia haraka, kwa sababu mtoto mwenyewe aliipitia haraka. Aliliangalia Jiwe la Bismarck, kila mtu hupiga picha pale, yeye akataka kurudi kwenye kivuli. Ufukweni hatukumruhusu kuchezea maji. Kichocho ni cha kweli katika fukwe za Ziwa Victoria, na mtoto mdogo hajui kukaa majini kwa dakika mbili akatoka. Tukavuka kwa boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kisiwa kidogo kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa 2013. Huko kuna swala, kuna pimbi, na kwenye miamba kuna mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu wanaopiga pushapu juani. Nadhani tayari mmejua alichochagua. Alikaa mbele ya mjusi mmoja, mjusi akainuka na kushuka, naye akainuka na kushuka, na muongozaji aliyetaka kutupeleka kwa wanyama wakubwa akavumilia, akaishia kucheka.

Tulirudi kwa basi. Wakati ule daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama majini, kwa hiyo tulivuka kwa feri. Na hapa ndipo niliposhangaa: kwa mtoto, kivuko kile kifupi kilikuwa na kila kitu kilichokuwepo kwenye meli. Maji, filimbi, kamba, vyuma, watu wa kuchekea, magari yanayoingia kinyumenyume. Kingetosha. Mzazi asiye na fedha ya chumba cha meli, au asiye na moyo wa usiku kucha ziwani, akimvusha mtoto wake kwa kivuko mchana na kurudi, hajamnyima chochote. Usiku ule wa melini tuliuhitaji sisi.

Binti yangu sasa yuko shule na hakumbuki hata chembe. Nimemjaribu: meli, jaketi la chungwa, mjusi, mama wa vitumbua. Hakuna. Watu wachache sana hubaki na kumbukumbu za kabla ya miaka mitatu, kwa hiyo sikutegemea. Kuna wanaoniambia tulitupa fedha. Mimi naona kilichobaki hakiko kwenye kumbukumbu: tulipompeleka kuona Mto Kagera kwa mbali, kule Murongo, aliuliza kama kuna jaketi la saizi yake. Hakurudi nyuma, hakukimbilia maji. Aliuliza jaketi.

Sasa tuna wa pili, anakaribia umri uleule, na Desemba inakuja. Mume wangu anasema safari hii twende kwa gari moja kwa moja. Lile daraja la Kigongo–Busisi, sasa Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa 19 Juni 2025, kilomita tatu hivi, dakika chache umevuka, hakuna foleni ya feri, hakuna dhoruba ya usiku, hakuna mtu wa kukesha jikoni. Alilieleza vizuri, mezani, mbele ya mama yake, akitegemea atashangiliwa.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Akauliza mkanda wa kiti cha basi unamfungaje mtoto wa kilo kumi na mbili. Akauliza dereva wa usiku analala saa ngapi. Kisha akauliza kama kwenye basi mtoto wa kupakatwa anaandikwa jina. Mume wangu alisema ataulizia stendi. Bado hajaulizia.